Kutoka gatini hadi kamatini: mwongozo kamili wa kupeleka jambo la bandari na mizigo mbele ya Bunge la Kenya

Kontena lilishushwa bandari ya Kilindini, Mombasa, tarehe 3, na leo ni tarehe 29. Bandari inadai ada ya hifadhi, kampuni ya meli inadai demareji (tozo ya kukawiza kontena lake), na kila ofisi unayobisha inakupiga danadana. Umekaa na mawakala wenzako kumi na mmoja, mmehesabu, mkakuta mwezi huu hakuna aliyepona. Hapo mmoja anasema, "Tulipeleke Bungeni," na meza nzima inaangua kicheko.

Nami nilikuwa nikicheka. Kisha nikaombwa kusaidia kuandika makaratasi ya chama kimoja kidogo cha wasafirishaji, tukaandika kurasa 43, tukaenda nazo mbele ya kamati tukiwa tumenyosha mashati. Mwenyekiti alizifunguafungua, akavua miwani, akauliza: "Sasa mnataka tufanye nini?" Tukatazamana. Katika kurasa 43 hatukuwa tumeandika popote tunachotaka. Niliyoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya siku ile.

Kwanza, elewa unakwenda kuazima nini

Kamati ya Bunge haigomboi kontena. Haina muhuri wa kuachilia mzigo, haifuti demareji, hairudishi fedha. Ikiwa shida yako ni kontena moja linalotakiwa litoke Ijumaa, weka kando mwongozo huu uende kwa msimamizi wa forodha. Ikiwa unabishania kodi yenyewe uliyokadiriwa, kuna jopo la rufaa za kodi.

Kamati ina kitu kingine ambacho wewe huna. Kifungu cha 125 cha Katiba ya 2010 kinaipa nguvu kama za Mahakama Kuu: kumwita mtu yeyote, kumhoji kwa kiapo, kumlazimisha atoe hati. Wewe unaweza kumwandikia mkurugenzi barua kumi ukiomba mkataba fulani asikujibu hata moja. Kamati ikimwita rasmi akakaidi, Sheria ya Mamlaka na Haki za Bunge ya 2017 inaruhusu atozwe faini isiyozidi shilingi 500,000. Nguvu hiyo ndiyo unayokwenda kuazima, na kila ukurasa utakaoandika upimwe kwa swali hili: je, unawasaidia wabunge kuitumia?

Hatua ya 1: Jua nani hasa anakutoza

Hapa ndipo malalamiko mengi hufia, kwa sababu mwenye mzigo huona bili moja kubwa na kuiita "gharama za bandari". Zitenganishe. Ada ya hifadhi ni ya anayeuweka mzigo: Mamlaka ya Bandari, au zile bohari za makontena ambazo Mombasa nzima twaziita siefuesi. Demareji si ya bandari hata kidogo. Ni pesa ya kampuni ya meli, inayokutoza kwa kukawiza kontena lake kupita siku za bure. Ushuru na tozo za uagizaji ni za Mamlaka ya Mapato. Ukaguzi wa ubora ni wa shirika la viwango, na ukaguzi wa mimea ni wa shirika jingine. Mizani za barabarani, kuanzia Mariakani na kuendelea, ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu. Reli ina mwenyewe.

Chukua bili moja halisi, weka jina la mwenye fedha mbele ya kila mstari. Mara nyingi utagundua kuwa anayekuumiza siye unayemtukana. Nimewahi kuona kundi lililoilaani bandari kwa wiki mbili, na lilipofanya zoezi hili likakuta zaidi ya nusu ya fedha zao zilikwenda kwa kampuni za meli. Lile lilikuwa jambo la mlango mwingine kabisa.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Bunge la Kenya lina nyumba mbili, Bunge la Taifa na Seneti, na kamati nyingi. Ukikosea mlango hutafukuzwa, bali jambo lako litatumwa huku na huku hadi msimu uishe.

Jambo likihusu sera na utendaji wa sasa (msongamano gatini, foleni ya malori, treni ya mizigo, hali ya barabara), nenda kwa Kamati ya Uchukuzi na Miundombinu ya Bunge la Taifa.

Likihusu fedha zilizokwisha kutumika, zabuni zilizokwisha kutolewa, au mkataba ambao shirika la umma limetia sahihi, mlango ni Kamati ya Uwekezaji wa Umma. Katika Bunge hili la 13 kamati hiyo imegawanywa, na ile ya masuala ya biashara na kawi ndiyo inayoiita Mamlaka ya Bandari kujibu hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kamati ya uchukuzi huuliza "mnafanya nini?", na hii huuliza "mlifanya nini, na risiti iko wapi?" Jambo moja laweza kuingia kwa milango yote miwili: mwaka 2014, ununuzi wa reli ya SGR ulichunguzwa na kamati ya uchukuzi na ile ya uwekezaji wa umma, kila moja kivyake.

Kodi na tozo ni za Kamati ya Fedha. Tozo ya Maendeleo ya Reli ni mfano mzuri: ilishushwa hadi asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo kwa Sheria ya Fedha ya 2023, kisha ikarudishwa asilimia 2 kwa sheria ya kodi ya Desemba 2024. Hiyo hairekebishwi kwa kumlalamikia meneja wa bandari. Inarekebishwa kwenye Mswada wa Fedha, ambao hufika Bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka, na maoni ya umma huchukuliwa wiki zinazofuata. Ukiamka Julai umechelewa mwaka mzima.

Kuna mlango ambao watu hawaujui, nao ni mtamu. Waziri akitunga kanuni, yaani sheria ndogo isiyopita kama mswada, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka aifikishe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Asipofanya hivyo, kanuni inakosa nguvu. Kamati ya sheria ndogo huikagua, na mojawapo ya maswali yake ni kama umma ulishirikishwa. Kwa hiyo ukikumbana na tozo au sharti jipya la usafirishaji, kabla ya kulia juu ya uzito wake, uliza: kanuni iko wapi, ilichapishwa lini, iliwasilishwa lini?

Seneti nayo ina kamati ya barabara na uchukuzi, na inafaa pale ambapo kaunti inaumia kama kaunti. Kumbuka Agosti 2019, lilipotoka agizo kwamba mizigo ya kuagizwa ipandishwe treni hadi bohari ya Nairobi. Hasara haikuwa ya waagizaji tu. Ilikuwa ya madereva, makanika, wauza chakula wa Mariakani na Mtito Andei, na ushuru wa kaunti zenyewe. Watu waliandamana Mombasa Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliona agizo lile lilikiuka Katiba, na sababu kubwa ilikuwa kutoshirikisha umma. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto akatangaza ugombozi wa mizigo urudi Mombasa. Nalitaja si kwa kukumbusha uchungu, bali kwa sababu neno lililowashinda serikali kortini, kutoshirikisha umma, ndilo hilo hilo ambalo kamati hulishika haraka kuliko neno "hasara".

Mwisho, kuna mambo ambayo Nairobi haina mkono nayo. Utaratibu wa forodha umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Uzito wa malori umo katika sheria ya Jumuiya ya 2016, inayoweka kikomo cha tani 56. Hizo hurekebishwa na Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, lenye kamati yake ya mawasiliano, biashara na uwekezaji, na Kenya ina wabunge tisa wa kuchaguliwa huko. Kamati ya Nairobi yaweza kuuliza *jinsi* mzani unavyoendeshwa, kwa nini lori moja linapimwa mara nyingi njiani. Haiwezi kukuongezea tani.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi ambao hauwezi kubishiwa

Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilipitisha zaidi ya tani milioni 41, na makontena yapatayo milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Katika bahari hiyo, hadithi ya kontena lako ni tone. Mbunge atakuuliza, "Ni mangapi?" na lazima uwe na jibu.

Tengeneza jedwali moja. Kila mstari kontena moja; kila safu tarehe moja: meli ilipofunga gati, hati za forodha zilipoingizwa, ushuru ulipolipwa, ukaguzi ulipoitishwa, ukaguzi ulipofanyika, mzigo ulipoachiliwa, lori lilipopita geti. Tarehe hizi usizitoe kichwani. Mifumo yenyewe huandika hata saa: iCMS ya forodha (wakongwe bado wasema "Simba"), KWATOS ya bandari, na dirisha moja la KenTrade, yaani mfumo wa kupeleka hati za uagizaji mahali pamoja. Chapisha kurasa hizo.

Jedwali likikamilika, tazama safu ipi imebeba siku nyingi. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, makontena 38 ya mitumba ya wafanyabiashara wa soko la Kongowea, Mombasa, yalikaa siku 17 kwa wastani, na siku 11 kati ya hizo zilikuwa baina ya kuitishwa ukaguzi na kufanyika kwake. Hapo huna tena "urasimu bandarini". Una siku 11, una ofisi moja inayohusika nazo, na una gharama uliyoipiga kwa shilingi. Uwe mkweli pia: kama makontena sita yalichelewa kwa sababu wenyewe hawakuwa na fedha za ushuru, yaandike hivyo. Afisa wa upande wa pili anao mfumo huo huo mbele yake, naye atayataja mwenyewe akikuona umeyaficha.

Kisha linganisha na takwimu za wengine. Mamlaka ya Uratibu wa Ukanda wa Kaskazini, yenye makao Mombasa na wanachama kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini, huendesha kituo cha kuchunguza usafirishaji: muda mzigo unaokaa bandarini, muda wa meli, safari ya lori hadi mpakani. Tangu 2014 kuna pia Mkataba wa Jumuiya ya Bandari ya Mombasa, ambamo taasisi zenyewe ziliahidi malengo. Hakuna hoja tamu kama kumuuliza mtu juu ya ahadi yake mwenyewe.

Usiiache ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba, kifungu cha 229, inamtaka aikamilishe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge liijadili ndani ya miezi mitatu. Kwa vitendo kamati huwa nyuma, wakati mwingine nyuma sana, na hilo ni bahati kwako: hoja ambayo haijasikizwa ndiyo unayoweza kuiongezea nyama. Ruka kurasa za mwanzo zenye picha za wakubwa. Nenda penye "msingi wa maoni" ya mkaguzi. Kila aya ya hapo ni swali ambalo tayari limeshaandikwa na mtaalamu.

Hati usiyokuwa nayo, iombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kuamua, na ombi laweza kuwa kwa Kiswahili. Akikataa au akinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala. Hata kimya chake kina faida: nakala ya ombi lenye muhuri, siku 21 zimepita, hakuna jibu. Kamati huchukia kimya cha namna hiyo.

Kabla ya kuchapisha chochote, pata ruhusa ya wenye mizigo, na ufunike bei za ununuzi na majina ya wauzaji wao. Hati ikishaingia kamatini ni ya umma, na mshindani wa mwenzako naye anajua kusoma.

Hatua ya 4: Bisha milango midogo, na uweke muhuri

Sheria ya 2012 ya kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa Bunge, inakutaka useme kama ulijaribu kutafuta suluhu kwa mamlaka husika na kama ulijibiwa. Andika barua mbili, si ishirini: moja kwa shirika, moja kwa wizara. Peleka kwa mkono, rudi na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Barua pepe itume pia, lakini muhuri ule wa zambarau ndio utakaokutetea.

Angalia pia kama jambo liko kortini. Ni lazima ulitaje, na Bunge huwa halijadili jambo lililo mbele ya hakimu. Kama mmoja wenu amefungua kesi, kaeni mchague farasi mmoja.

Hatua ya 5: Chagua chombo cha kubebea

Cha haraka kabisa ni kumwomba mbunge au seneta wako aombe kauli: anasimama ukumbini, anamtaka mwenyekiti wa kamati alete majibu juu ya jambo fulani. Tangu 2023 mawaziri nao huitwa ukumbini kujibu maswali. Faida ni kasi. Hasara ni kuwa jibu huja limeandikwa na wizara ile ile, wewe hupewi nafasi ya kulijibu, na mara nyingi jambo linaishia hapo.

Cha pili ni memoranda, yaani maoni ya maandishi, pale kamati yenyewe inapotangaza kuwa inachukua maoni. Soma matangazo ya magazetini na tovuti ya Bunge kila wiki, kwa sababu muda huwa mfupi. Wenzetu wa Tanzania wanalijua hili vizuri: mkataba wa serikali yao na Dubai juu ya bandari ulitiwa sahihi 25 Oktoba 2022, lakini wananchi walialikwa kutoa maoni mbele ya kamati Dodoma siku chache tu kabla ya Bunge kuuridhia 10 Juni 2023. Aliyekuwa na kurasa mbili tayari alisikika. Aliyehitaji wiki mbili za kujipanga alisikiliza azimio redioni.

Cha tatu ni ardhilhali, na ndicho ninachokipendekeza kwa jambo lenye mizizi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinasema *kila mtu* anayo haki hiyo, na mtu katika Katiba ni pamoja na kampuni na chama. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Kampala au Goma ambaye mzigo wake unapita Mombasa hajafungiwa nje. Ila fomu ya sheria inazungumza kama raia wa Kenya, na haki ya kuomba habari ni ya raia. Kwa hiyo ni busara wakala wake Mkenya aongoze na yeye awe shahidi.

Hatua ya 6: Andika ardhilhali

Masharti si mengi, lakini karani anayashika kama mtihani. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Isiwe na mifuto wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Ikizidi ukurasa mmoja, kichwa cha jambo kionekane kwenye kila ukurasa. Majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi au alama za dole gumba ziandikwe moja kwa moja kwenye karatasi ya ardhilhali. Orodha ya sahihi iliyokatwa kwingine na kubandikwa hapo haikubaliki. Hili limewaangusha wengi waliokusanya sahihi kwenye daftari la mkutano.

Mwili wake uwe mfupi kiasi hiki:

*Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wanachama wa chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Kongowea, tunalijulisha Bunge la Taifa yafuatayo:*

*Kwamba kati ya Januari na Juni, makontena yetu 38 yalikaa bandarini siku 17 kwa wastani, na siku 11 kati ya hizo zilikuwa za kungoja ukaguzi uliokwisha kuitishwa.*

*Kwamba kwa siku hizo 11 tulilipa ada ya hifadhi na demareji kana kwamba kuchelewa kulikuwa kwetu.*

*Kwamba tuliliandikia shirika husika na wizara, barua zikapokelewa kwa muhuri, na hatujapata jibu la kuridhisha.*

*Kwamba jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote wala chombo chochote cha kikatiba au cha kisheria.*

*Kwa hiyo waombaji wako wanaliomba Bunge, kupitia kamati yake husika: lichunguze sababu za kuchelewa kwa ukaguzi; limtake mkuu wa shirika alete kumbukumbu za miezi hiyo sita; na lipendekeze kwamba siku za kungoja ukaguzi zisihesabiwe katika ada ya hifadhi ya mashirika ya umma.*

Tazama ombi la mwisho. Halikusema "demareji ifutwe", kwa sababu hiyo ni fedha ya kampuni binafsi ya meli kwa mkataba wake, na Bunge lingejibu kwamba halina mamlaka. Limeomba kile ambacho serikali inaweza kukifanya kwa mali yake. Ukipenda, fungua jambo la kampuni za meli peke yake, ukianzia kwa mamlaka ya usafiri wa baharini inayozisimamia.

Maombi matatu yanatosha. Ukizidisha, watachagua lililo rahisi kwao. Jedwali na barua zako ziweke kando kama ushahidi wa siku ya kusikizwa, usizibebeshe ardhilhali yenyewe.

Hatua ya 7: Iwasilishe

Kuna njia mbili: kumpelekea Karani wa Bunge husika wewe mwenyewe, au kupitia mbunge anayeiwasilisha kwa niaba yako. Karani ana siku saba kuangalia kama imetimiza masharti. Ikikosa, huelekezwa namna ya kuirekebisha. Ombi lako huingia katika sajili ambayo umma una haki ya kuitazama. Chukua namba yake siku hiyo hiyo, maana kuanzia hapo kila simu utakayopiga utaulizwa namba, si jina.

Njia ya mbunge ina joto zaidi kwa sababu husomwa na mtu anayetaka isikike. Mtafute mjumbe wa kamati husika, hata kama si wa eneo lako. Mbunge wa upande wa mpakani, Malaba au Busia, anaijua foleni ya malori kuliko wengi wa pwani. Jihadhari tu asiigeuze kuwa fimbo ya kumpigia hasimu wake wa kisiasa. Hilo likitokea, kikao chote kitakuwa chao, na makontena 38 yatasahaulika.

Hatua ya 8: Siku ya kusikizwa

Vikao vya kamati ni vya wazi kwa mujibu wa kifungu cha 118, kwa hiyo wiki moja kabla nenda ukakae nyuma utazame kikao cha watu wengine. Utajifunza nani huuliza, nani husinzia, na mwenyekiti huvumilia dakika ngapi. Vingi siku hizi hukaa katika Bunge Tower, jengo lililofunguliwa Aprili 2024. Fika mapema, ukaguzi getini ni mrefu.

Zungumza Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri. Ni lugha rasmi ya Bunge, na kuli mwenye miaka ishirini gatini akieleza kwa Kiswahili chake jinsi kontena linavyohamishwa mara tatu bila sababu hushinda wakili anayesoma. Msemaji awe mmoja, na mwingine ashike hati. "Mheshimiwa Mwenyekiti" ndiyo njia ya kumwita, na majibu yote yapitie kwake hata aliyeuliza akiwa mwingine.

Panga dakika tano: sisi ni nani, jedwali linasema nini, tunaomba nini. Basi. Usianze na historia ya bandari tangu Mreno.

Huenda ukaapishwa. Sheria ya 2017 inakulinda kwa unayoyasema pale, na sheria hiyo hiyo inafanya kuwa kosa kutoa ushahidi wa uongo. Kwa hiyo usiseme "wanakula hongo" kama huna ulichokiona kwa macho. Sema "malori haya manne yaliyofika baadaye yalitoka kabla, na sababu haikuandikwa". Wabunge wanajua kusoma katikati ya mistari.

Sasa kazi iliyo nzuri kuliko zote, ambayo karibu hakuna anayeifanya. Andika maswali matatu ambayo wewe ungemuuliza afisa, kwenye nusu ukurasa, na uwape wajumbe kupitia karani wa kamati. Wabunge wana kamati nyingine mchana na mazishi Jumamosi. Swali lililopikwa watalipokea kwa mikono miwili. Swali baya ni "Mnafanya nini kuboresha huduma?", kwa sababu litampa afisa dakika kumi za picha na mishale. Swali zuri halina mlango wa nyuma:

*Kati ya Januari na Juni, ni makontena mangapi yalingoja ukaguzi zaidi ya siku tatu, na orodha iko wapi?*

*Skana zilizimika siku ngapi katika kipindi hicho, na nani hulipia hifadhi siku hizo?*

*Siku za kungoja ukaguzi huhesabiwa dhidi ya mwenye mzigo kwa kanuni ipi, na kanuni hiyo ilichapishwa lini?*

Akijibu "nitaleta kwa maandishi", mnong'oneze karani: lini? Mwenyekiti akiitaja tarehe, imeingia kwenye kumbukumbu. Asipoitaja, ahadi ile imepeperuka.

Hatua ya 9: Usiende nyumbani

Baada ya kusikizwa watu hupiga picha ngazini na kupotea, na hapa ndipo mashirika hushinda kwa kungoja tu. Ripoti ya kamati si uamuzi mpaka isomwe na kupitishwa ukumbini. Piga simu kila wiki mbili kwa karani wa kamati, kwa adabu, ukitaja namba ya sajili. Ripoti ikiwekwa mezani, isome siku hiyo. Mara nyingine "shirika litalazimika" uliyoisikia kikaoni imekuwa "shirika lizingatie".

Ikipitishwa, hesabu siku 60: Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zinamtaka waziri aripoti ndani ya muda huo juu ya utekelezaji wa azimio. Endelea kujaza jedwali lako la makontena katika siku hizo, bila kuruka hata meli moja, ili uwe na "kabla" na "baada".

Kumbuka kalenda ya uchaguzi. Shughuli zisizokamilika hukatika Bunge linapofika ukomo wake, na uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Miezi ya mwisho kabla ya hapo kamati hukosa akidi, kwani wajumbe wako mashinani. Jambo linalohitaji mwaka mmoja lianze mwaka mmoja na nusu kabla.

Siku ya 61 ikifika na hakuna ripoti ya waziri, kuna kamati maalumu ya utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio na ahadi za serikali kwa Bunge. Waandikie mistari minne: namba ya ardhilhali, tarehe ambayo azimio lilipitishwa, tarehe ambayo siku 60 ziliisha, na wastani wa siku za kungoja ukaguzi mwezi uliopita. Ipeleke kwa mkono, na urudi na muhuri.